Daktari, kwa nini kinga ya mwenzangu ilikiondoa kirusi cha ini na yangu imeshindwa?

Swali limetoka Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, na nimelifupisha kidogo:

"Salaam daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 31. Nilikwenda kutoa damu, nikaambiwa nina homa ya ini B. Nimerudia kipimo baada ya miezi saba, bado ipo. Daktari wa hapa anasema ALT yangu (kipimo cha damu cha hali ya ini) ni 24, wingi wa virusi ni 700, ile antijeni ya e (protini ya kirusi) ni hasi, na picha ya ini ni nzuri. Ameniambia sihitaji dawa kwa sasa, nirudi baada ya miezi sita. Lakini binti ya shangazi yangu huko Koboko ameanzishiwa vidonge na kuambiwa ni vya miaka mingi, pengine maisha. Tena dereva mwenzangu aliugua ugonjwa huuhuu mwaka juzi, macho yakawa manjano kabisa, hakupewa dawa, na leo kipimo chake ni hasi. Mimi sijawahi kuumwa hata siku moja. Kwa nini kinga yake ilishinda na yangu imeshindwa? Kuna mtu pale steji ananiuzia chupa ya dawa ya miti ya kuongeza kinga, shilingi 80,000. Ninunue?"

Ndugu yangu, nianze na chupa, maana ndiyo yenye haraka. Usinunue. Sina ugomvi na miti yote. Nimekulia nyumba yenye mululuza, ule mmea mchungu wa dawa, uani kama Waganda wengi. Lakini fikiri hivi: hata kama chupa hiyo ingefanya kweli inachodai, yaani kuiamsha kinga yako na kuipa nguvu mpya, ini lako ndilo ambalo ningelihofia. Na kama haifanyi inachodai, umepoteza 80,000 na umelibebesha ini kazi ya kuchuja mizizi usiyoijua. Kwa vyovyote hutoki na faida.

Nasema hivyo kwa sababu kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiharibu seli za ini kwa kiasi ambacho watu hudhani. Kinaingia ndani ya seli, kinajinakili humo, nakala zinatoka kwenda kwenye damu, na seli inaendelea na shughuli zake: kutengeneza protini, kuhifadhi sukari, kusafisha damu. Madhara mengi huanza pale kinga ya mwili inapozifuata seli hizo ili kukitoa kirusi. Mwizi akijificha katika nyumba ya watu, na kijiji kikaamua kumtoa kwa kubomoa ukuta, ukiangalia kesho yake huwezi kusema kuta zile zimevunjwa na mwizi.

Hilo si nadharia tupu. Miaka ya 1980 na 1990, watafiti wa maabara ya Francis Chisari huko La Jolla, California, walizalisha panya waliobeba vinasaba vya kirusi hiki tangu kutungwa mimba. Maini ya panya hao yaliendelea kutengeneza virusi bila ugonjwa wowote wa maana, kwa sababu miili yao ilivihesabu kuwa ni sehemu yao. Kisha wakapewa seli za kinga kutoka kwa panya wengine waliokwisha kufundishwa kukitambua kirusi. Baada ya muda mfupi maini yakavimba, seli zikaanza kufa. Kirusi kilikuwa kilekile. Kilichoongezwa ni kinga tu. Kwa binadamu jambo hilihili tunaliona wodini. Mgonjwa wa saratani mwenye homa ya ini B akipewa dawa zinazoshusha kinga, virusi huongezeka kwa utulivu, ini likiwa kimya. Dawa zikiisha na kinga ikarudi, hapo ndipo ini huwaka, wengine hadi kufa. Ndiyo sababu mtu yeyote anayekwenda kuanza matibabu ya aina hiyo, iwe Taasisi ya Saratani pale Mulago au kwingineko, anatakiwa kupimwa kwanza.

Sasa tumwangalie dereva mwenzako. Yeye aliambukizwa akiwa mtu mzima. Kirusi kilipoingia, wiki za kwanza hakikuleta kelele. Mafua yakikuingia, ndani ya siku moja au mbili mwili mzima unajua: homa, maumivu ya viungo, uchovu. Kelele hiyo ni ya interferoni na kemikali nyingine za tahadhari ambazo seli hutoa zinapogundua mgeni. Kirusi cha ini B kina ustadi wa kutogusa kengele hizo. Katika majaribio ya sokwe, watafiti walipima vinasaba vya tahadhari ndani ya ini wakati kirusi kikienea, wakakuta karibu havikushtuka kabisa, ingawa virusi vilikwisha kujaa. Kuanzia siku ya kuambukizwa hadi dalili huchukua kati ya mwezi mmoja na miezi sita. Muda wote huo mwenzako alikuwa anaendesha lori bila habari.

Kisha zikafika seli T. Hizi ni seli nyeupe za damu zinazofundishwa kutambua kipande kimoja mahususi cha adui, kila moja na kipande chake. Kundi lake la wauaji, ambalo kitaalamu huitwa CD8, ndilo lenye uamuzi katika ugonjwa huu. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ambayo sokwe walioambukizwa waliondolewa seli za CD8 kwa muda: kirusi kikakaa vilevile, hakikushuka hadi seli hizo ziliporudi. Walioondolewa seli wasaidizi, CD4, ugonjwa ulipokwisha kuanza, walipona kama kawaida. Kwa hiyo mkono unaoondoa kirusi unajulikana.

Na mkono huo hauui tu. Hapa kuna jambo zuri ambalo wengi hawaelezwi. Ini la mtu mzima likishaambukizwa lote, kinga ikiamua kuua kila seli yenye kirusi mgonjwa atakufa kabla ya kupona. Seli T hutoa pia kemikali, hasa interferoni ya gama, zinazoingia kwenye seli jirani na kuzima utengenezaji wa virusi bila kuiua seli yenyewe. Kwa sokwe, sehemu kubwa ya virusi ilikuwa imetoweka kabla ALT haijafika kilele. ALT, kwa faida ya wasomaji wengine, ni kimeng'enya cha ndani ya seli za ini. Seli zikipasuka kinamwagika kwenye damu, na maabara hukihesabu. Usafishaji mwingi hufanyika kimyakimya, kisha huja awamu ya kuua seli zilizobaki. Macho ya mwenzako yaligeuka manjano kwenye awamu hiyo ya pili. Ule umanjano uliowatisha wote nyumbani kwake ulikuwa dalili kwamba kinga iko kazini. Mwishoni kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa adui, dhidi ya ganda la kirusi zikatokea kwenye damu, na kipimo kikawa hasi. Kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa, 95 au zaidi humaliza hivyo. Wachache sana, kama mmoja kati ya mia ya wanaougua wazi, kazi hiyo huvuka mpaka na ini lote hufa ghafla. Kwa hiyo mtu mwenye macho ya manjano anayeanza kuchanganyikiwa au kutokwa damu apelekwe hospitali ya rufaa siku ileile.

Umeona basi jambo linalokusumbua likigeuka: aliyeugua vibaya ndiye aliyepona, na wewe ambaye hukuumwa hata siku moja ndiye uliyebaki nacho. Kutougua kwako kulitokana na kinga yako kutokukishambulia kwa nguvu kilipoingia.

Kwa nini haikukishambulia? Sababu kubwa haihusu nguvu ya mwili wako wala chakula ulichokula. Ni umri uliokuwa nao siku kirusi kilipoingia. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa au mwaka wa kwanza, 90 kati ya 100 hubaki nacho. Akiambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano, ni kama 30 kati ya 100. Mtu mzima, chini ya 5. Wewe ulizaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao Uganda iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ile sindano ya mchanganyiko ya wiki ya 6, 10 na 14. Kwenu Arua ni West Nile, katika ukanda wa kaskazini ambao pamoja na Karamoja, Acholi na Lango ulionekana kuwa na maambukizo mengi kuliko nchi nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2005 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 10 anacho. Ule wa 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 4.3 ya watu wazima, wanaume wengi kuliko wanawake. Kwa uzoefu, mtu wa umri wako mwenye majibu kama yako alikipata utotoni: kwa mama wakati wa kujifungua, au kwa watoto wenzake, kupitia vidonda vya miguu, wembe mmoja wa kunyolea ukoo mzima, chale. Usianze kumtafuta wa kulaumiwa. Hakuna kipimo kinachosema kiliingia siku gani, na mama zetu hawakupewa nafasi ya kujua.

Utotoni kuna mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni kwamba kinga ya mtoto mchanga ipo katika kujifunza kipi ni chake na kipi si chake, na inaelekea kuvumilia kuliko kupigana. Kirusi kinaitumia nafasi hiyo. Hutengeneza ile antijeni ya e uliyopimwa, protini ambayo kirusi hakiihitaji kabisa ili kujijenga. Inamwagwa tu kwenye damu. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kazi yake ni kuizoesha kinga ya mtoto ili ije ikione kirusi kama jambo la kawaida. La pili ni tabia ya ini lenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye siri ya ugonjwa wote.

Takriban robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka tumboni na utumboni moja kwa moja. Imejaa mabaki ya chakula, vipande vya bakteria, sumu za hapa na pale. Vyote ni vigeni. Ini ambalo lingewaka moto kila ukila muhogo na samaki lisingedumu wiki. Kwa hiyo ini limeumbwa na utulivu: seli zake nyingi huzipoza seli T badala ya kuzichochea, na seli T inayokutana na adui kwa mara ya kwanza ndani ya ini mara nyingi hupokea maelekezo ya kunyamaza. Utulivu huu ni neema. Hata wanaopandikizwa ini la mtu mwingine hulikataa kwa nguvu kidogo kuliko figo, na baadhi yao huweza kuacha kabisa dawa za kuzuia kukataliwa. Kirusi cha ini B kimechagua kuishi katika kiungo hicho hasa.

Miaka inapopita hutokea kitu kingine, nacho ni uchovu wa seli T. Watafiti walikigundua kwanza kwa panya wenye kirusi cha aina nyingine kabisa kisichoisha mwilini. Seli T ikikutana na adui, ikamshinda, hupumzika na kubaki kumbukumbu. Ikikutana naye leo, kesho, mwezi ujao, mwaka ujao, bila kikomo, huanza kupoteza uwezo hatua kwa hatua: kwanza kuzaliana, kisha kutoa kemikali moja baada ya nyingine, interferoni ya gama ikiwa miongoni mwa za mwisho, na hatimaye hujiua. Juu ya ngozi yake huota vipokezi vinavyofanya kazi ya breki. Kinachojulikana zaidi huitwa PD-1. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba breki hiyo ikizibwa, seli zilizochoka huamka kwa kiasi. Na kugunduliwa kwa breki za namna hii ndiko kulikowapa watafiti James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya 2018, ingawa wao tuzo yao ilihusu saratani.

Katika homa ya ini B uchovu huu una mafuta yake. Kirusi hutoa kwenye damu maganda matupu, yaani antijeni ya ganda isiyo na kirusi ndani, kwa wingi unaoweza kuzidi virusi kamili mara 1,000 hadi 100,000. Ndicho kitu ambacho kipimo cha kuchoma kidole kinakigundua. Kiligunduliwa na mtafiti Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, na siku ya homa ya ini duniani, Julai 28, ni siku aliyozaliwa. Maganda haya huzimeza kingamwili kabla hazijafika kwa virusi vyenyewe, na huzisumbua seli T mchana na usiku. Humo humo kuna seli nyingine za kinga, wauaji wa asili, ambazo ndani ya ini lenye ugonjwa wa muda mrefu zimeonekana zikiziua seli T za upande wao wenyewe.

Mimi sioni kwamba uchovu huo ni kushindwa tu. Mwili ambao haukuweza kukimaliza kirusi ulikuwa na njia mbili: kupigana bila kikomo hadi ini liishe, au kufunga breki na kuishi nacho. Wengi wenu mmewekewa breki, na ndiyo maana una miaka 31 na picha ya ini lako ni nzuri.

Ningependa jambo moja lieleweke vizuri kabla sijaendelea, kwa sababu najua maneno ya mtaani. Zilizochoka ni seli zinazokitambua kirusi hiki tu. Kinga yako nyingine ni nzima. Malaria, mafua, vidonda, chanjo nyingine, vyote mwili wako unavipokea kama wa jirani yako. Homa ya ini B haishushi kinga kama VVU. Watu huchanganya kwa sababu dawa ya tenofovir inatibu vyote viwili, na katika vituo vingi hapa kwetu mgonjwa wa ini huichukua dirisha lilelile la ARV. Nimeona wagonjwa wakiacha dawa kwa kuogopa kuonekana kwenye foleni ile. Binti ya shangazi yako akipatwa na maneno hayo, umsaidie kuyajibu.

Haya, kwa nini yeye apewe vidonge na wewe usipewe? Kwa sababu kirusi ni kimoja lakini mnapitia vipindi tofauti vya uhusiano wenu nacho. Aliyeambukizwa utotoni huanza na miaka mingi ya uvumilivu: antijeni ya e iko, virusi ni mamilioni, ALT ni ya kawaida. Kisha, mara nyingi kati ya miaka ya ujana na ya thelathini, kinga huzinduka nusu. Inashambulia, inaua seli, inashindwa kumaliza, inapumzika, inashambulia tena. ALT hupanda na kushuka. Hicho ndicho kipindi cha makovu. Wengi hutoka humo wakiwa na ushindi nusu: antijeni ya e hupotea, virusi hushuka chini ya 2,000, ALT hutulia. Wewe kwa majibu yako uko hapo. ALT ya 24 kwa mwanamume ni nzuri (Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake), na virusi 700 ni vichache. Seli T zako hazikushindwa kabisa. Zinakishika kirusi shingoni bila kukiua.

Lakini wapo ambao baada ya utulivu huo kirusi hubadilika, virusi hupanda tena bila antijeni ya e, na ini huanza kuumia upya bila dalili. Ndiyo maana ya ile miezi sita. Jibu la siku moja ni picha moja tu, na daktari anayekuambia "uko sawa, usirudi tena" kwa kipimo kimoja hajakutendea haki. Wako amekuambia urudi. Rudi.

Binti ya shangazi bila shaka alionyesha kitu kingine: ALT ya juu pamoja na virusi vingi, au dalili za kovu, au ana ujauzito wenye virusi vingi, au ana VVU, au ukoo wenye saratani ya ini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 umelegeza masharti kuliko ule wa zamani: virusi zaidi ya 2,000 pamoja na ALT iliyovuka mpaka vinatosha kuanza dawa, na kovu lolote la maana linatosha peke yake, hata kama virusi ni vichache. Kovu hukadiriwa kwa hesabu rahisi inayotumia kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu, kwa hiyo hata hospitali isiyo na mashine ya gharama inaweza kuikokotoa. Ungana na daktari wako uone kama hesabu hiyo imefanywa kwenye faili lako. Picha ya ultrasaundi peke yake haioni kovu la mwanzo.

Vidonge vyenyewe, tenofovir au entekaviri, haviigusi kinga. Vinazuia kirusi kujinakili. Virusi vikipungua, seli T hazina cha kushambulia, ini linapumua, hata makovu huweza kurudi nyuma kwa miaka. Ila ndani ya kiini cha seli ya ini kirusi huacha nakala yake mama, duara dogo la DNA ambalo vidonge havilifikii. Ukiacha dawa, duara hilo huanza upya na kinga huzinduka kwa ghafla. Wagonjwa waliokufa kwa kuacha tenofovir kiholela wapo. Dereva mwenzako naye, kwa taarifa yake, amebaki na maduara machache yaliyofungiwa na kinga yake; siku akihitaji dawa za saratani au steroidi nyingi, amwambie daktari kwamba aliwahi kuugua.

Umenisikia nikitaja saratani. Seli za ini zinazokufa na kuzaliwa upya kwa miaka hukosea kunakili vinasaba vyao, na kirusi chenyewe huchomeka vipande vyake ndani ya DNA yetu. Hivyo saratani inaweza kumpata hata mtu asiye na kovu kubwa, ingawa ni mara chache zaidi. Hapa Uganda tuna kichocheo cha ziada, nacho ni sumukuvu ya aflatoksini kwenye karanga na mahindi yaliyoanikwa chini au kuwekwa ghalani yakiwa mabichi. Sumu hiyo huharibu kinasaba kinachozuia saratani, na ikikutana na kirusi cha ini B hatari huzidishwa, haijumlishwi tu. Kwa hiyo karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi usisage "kwa sababu ni binyebwa (mchuzi wa karanga) tu, haitajulikana". Tupa. Pombe pia, hasa waragi, iache. Na kama safari zako au utoto wako ulikuwa kando ya Ziwa Albert au Mto Nile, omba upimwe kichocho; vijidudu vyake hutia kovu kwenye ini kwa njia nyingine, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza tu na kuondoka.

Sasa turudi kwenye ndoto ya muuza chupa, maana ndoto yenyewe si ya kijinga. Je, zile seli zilizochoka zinaweza kuamshwa? Tunajua kwamba kinga iliyo sahihi inaweza kukimaliza kirusi hata baada ya miaka. Wapo wagonjwa wa saratani ya damu wenye homa ya ini B ya muda mrefu waliopandikizwa uboho kutoka kwa ndugu mwenye kinga dhidi ya kirusi, na antijeni ya ganda ikapotea kwenye damu yao. Hakuna anayependekeza kupandikiza uboho kwa ajili ya ini B, maana hatari yake ni kubwa kuliko ugonjwa, lakini mlango unaonekana upo. Watafiti wanajaribu dawa za kuzima utengenezaji wa maganda, chanjo za tiba, na vizuia breki vya PD-1, mara nyingi kwa kuchanganya na kwa mpangilio: kwanza punguza virusi na maganda, ndipo uguse kinga. Mpangilio huo una sababu. Ukiziamsha seli T zote kwa pamoja wakati karibu kila seli ya ini ina kirusi, utapata kilekile kinachowaua wale wachache wenye ugonjwa mkali. Interferoni ya sindano ambayo imetumika kwa miaka mingi hufanya sehemu ya kazi hii, husaidia wachache, na mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo muda wote. Ukisikia mtu wa steji anaamsha kinga bila kupima hata ALT, jua anacheza na ini la mtu.

Bila dawa yoyote, kila mwaka takriban mtu 1 kati ya 100 wa hali kama yako hupoteza antijeni ya ganda mwenyewe. Ni wachache, lakini wapo, na wenye virusi vichache wana nafasi nzuri zaidi. Hilo nalo daktari wako atalipima mara mojamoja.

Pengine umesikia pia kwamba kuna dawa ya wiki 12 inayoponya. Ni kweli, ila ni ya homa ya ini C, ambayo kirusi chake hakiachi nakala ndani ya kiini cha seli. Vidonge huponya zaidi ya 95 kati ya 100. Usikubali kuuziwa kwa ajili ya B.

Chanjo haitakusaidia wewe, kwa kuwa kinga yako inakutana na maganda hayo kila dakika na sindano haiongezi kitu. Itawasaidia wa nyumbani kwako. Mkeo na watoto wapimwe kwanza, wasio nacho wachanjwe dozi tatu, na wewe utumie kondomu hadi mkeo amalize. Akiwa mjamzito na akakutwa nacho, aeleze kliniki mapema, kwa sababu mtoto anahitaji sindano ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kabla ya ile ya wiki ya 6. Sahani, vikombe, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja na watoto, havina shida. Wembe na mswaki viwe vyako peke yako, na damu usitoe tena.

Ukienda baada ya miezi sita, nenda na karatasi zote za zamani na ujaribu kupima maabara ileile ili namba zilinganishwe. Muulize daktari mambo matatu: ALT imevuka 30, virusi vimevuka 2,000, hesabu ya kovu inasemaje. ALT na virusi vikivuka mipaka hiyo kwa pamoja, au hesabu ikionyesha kovu la maana, utaanza vidonge vilevile vya binti ya shangazi yako, vyako mwenyewe na kwa jina lako. Vyake usiviazime hata kwa wiki moja, kwani yeye ndiye atakayebaki na pengo.